Mashine Yenye Huruma Mno

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuunda lugha ya kompyuta, huniuliza kwa heshima nilitumia kompyuta ya aina gani. Nawajibu kwamba nilitumia benchi. Wanacheka, wakidhani nafanya mzaha, nami hukasirika upya kila mara, maana sifanyi mzaha wowote. Lugha yetu ilizaliwa Bukavu wakati wa vita, katika chumba chenye benchi, ubao na vikombe vya bati. Kwa muda mrefu mashine pekee iliyoielewa ilikuwa mtu aliyeketi kwenye kiti, tena mara nyingi mwenye njaa.

Si kwamba hatukuwahi kuwa na kompyuta. Taasisi niliyofundisha, kule juu Kadutu, ilikuwa imepewa chache na wafadhili, na tulizifunika vitambaa vilivyofumwa na masista. Vita vya kwanza vilipopita mjini zikaondoka zote, pamoja na vitambaa. Mke wangu aliziona zikiteremka mlima juu ya vichwa vya watu kama mikungu ya ndizi siku ya soko. Mimi niliikuta kibodi moja mtaroni, herufi zake zimejaa matope. Niliisafisha kwa mswaki, nikaiweka kwenye meza ya darasa, na wanafunzi wakazoea kuigusa wanapopita kama wanavyogusa maji ya baraka mlangoni mwa kanisa.

Mtu mwenye akili zake angeifunga idara ya informatiki siku hiyohiyo. Mkurugenzi wetu alikataa. Alisema idara iliidhinishwa Kinshasa, na kilichoidhinishwa Kinshasa hakifungwi na wezi. Vita vya pili vikaja, nchi ikakatika vipande, Kinshasa ikawa mbali kuliko Ulaya, na idara bado ilikuwa wazi. Mwalimu wake pekee nilikuwa mimi. Niliandika ubaoni amri za Kiingereza nilizojifunza ujanani, nikazieleza kwa Kifaransa, na darasa zima likazinakili kwa mwandiko mzuri ajabu, wakati wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa hata swichi ya kompyuta. Nilijiona kama mtu anayefundisha kuogelea juu ya mkeka.

Aliyeivunja hali hiyo alikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote, mama mmoja aliyekimbia kutoka Shabunda. Kule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alitoka kwa miguu, msituni, pamoja na kundi la watu, na katika vurumai za siku ile binti yake alibaki nyuma kwa bibi yake. Tangu hapo njia zilifungwa. Kilichobaki kati ya Shabunda na Bukavu kilikuwa ndege ndogo tu, na hospitali moja ya mjini ilikodi ndege kama hiyo kupeleka dawa. Ndege ilirudi karibu tupu, na wafanyakazi wa hospitali waliruhusiwa kuwaleta ndugu zao nafasi ikiwapo. Hospitali ilikuwa imemwambia waziwazi: tunatafuta mtu wa kompyuta wa kutunza stoo ya dawa, lete diploma, kazi ni yako. Kwa hiyo Maman wa Shabunda hakuja darasani kutafuta elimu. Alikuja kumtafuta mtoto. Sote tulilijua hilo, na kila nilipotaka kutupa chaki na kwenda kulima kwa wakwe zangu Nyantende, nililikumbuka.

Siku moja alinyoosha mkono, akaniita kwa cheo changu cha ualimu.

"Papa Assistant, minaomba kuuliza. Mi nikituma mutoto ku soko, namuambia kwa Swahili. Hii mashini haiko hapa. Juu ya nini tunaisemesha Kingereza, na yenyewe haiko?"

Nilimkaripia kidogo, nikasema habari za karne ya sayansi na mataifa yaliyoendelea. Kisha nilitazama ubao wangu, nikaona aibu, nikaufuta wote. Nikaandika CHUKUA, TIA, TOA, SEMA, RUDIA, KAMA, KAMA HAPANA. Ndivyo lugha ilivyoanza. Hakukuwa na ufunuo wowote, kulikuwa na hasira tu.

Utaratibu tuliokubaliana ulikuwa huu. Mtu mmoja anakaa mbele, mgongo kwa ubao: huyo ni mashine. Mbele yake vikombe vya bati vimepangwa juu ya meza, kila kimoja na jina lake, na ndani yake maharagwe: hiyo ndiyo kumbukumbu ya mashine. Mwanafunzi mwingine anasoma programu yake mstari kwa mstari, na mashine inatekeleza. Niliwaeleza kanuni moja tu, na niliirudia mpaka sauti ikakauka. Mashine ni mjinga. Haijui kitu, haina ndugu, haina huruma. Inafanya ilichoambiwa, na kisipotajwa, haikifanyi.

Waliitikia wote, "Ndiyo, Papa Assistant." Laiti ningejua.

Taabu ilianza siku ya kwanza. Darasani tulikuwa na padri kijana, mtu mpole aliyetumwa na parokia yake kujifunza. Aliketi kuwa mashine, na msichana aliyepangiwa kusoma programu akasimama, akafungua mdomo, akafunga. Nikamwambia asome. Akasema hawezi.

"Siwezi kumuambia Padri 'Chukua' hivi tu, sawa ninatuma mbwa."

Nilimwambia huyu si padri sasa, ni mashine. Padri mwenyewe akasema hana neno, yuko tayari. Msichana akatikisa kichwa. Wengine wakaingilia, mmoja akasema hata jirani ukimwomba chumvi unaanza na jambo, na mwingine akauliza nani alinifundisha kuingia katika nyumba ya watu bila hodi. Tulibishana mpaka mvua ikaanza kupiga mabati na hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwishowe, kwa uchovu mtupu, nilikubali kwamba kila programu ianze na neno JAMBO, na mashine isiguse kikombe kabla ya kusalimiwa. Wakaona wameshinda, wakaomba na AKSANTI mwishoni. Nikawapa. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimenuna, nikamwambia mke wangu kwamba ninaunda lugha ya kwanza duniani ya kompyuta yenye adabu za kitongoji. Ni baada ya wiki kadhaa nilipokumbuka kwamba lugha nyingi za wakubwa zina neno la kufungua na neno la kufunga, na sababu zao si nzuri kuliko zetu.

Kila juma lilileta ugomvi wake. Walitaka neno la kusubiri, kwa sababu katika maisha yao hakuna kilichofanyika bila kusubiri, nami nikawapa NGOJA. Walitaka RUDIA iwe na kikomo, maana mmoja wao alikuwa ameachwa akihamisha maharagwe kutoka kikombe hiki kwenda kile mpaka mikono ikamuuma, huku mwandishi wa programu akicheka. Asubuhi moja nilikuta vikombe vitupu vyote. Nilihoji darasa zima kama mkaguzi wa polisi, mpaka ikajulikana kwamba kumbukumbu ya mashine yetu ilikuwa imepikwa na familia ya wakimbizi waliolala katika chumba cha pili. Tangu siku hiyo tulitumia vijiwe vya barabarani.

Lakini kazi ilikwenda, na hilo ndilo lililonidanganya. Programu zao zilifanya kazi zote. Zilijumlisha, zikapanga, zikatafuta kikombe chenye vijiwe vingi, na kila mwisho wa programu watu walipiga makofi. Nilianza kutembea mjini nikiwa nimenyoosha kifua. Nilijiambia kwamba kumbe vichwa vya Bukavu vinahitaji Kiswahili tu.

Hapo Mkurugenzi alituita. Alisema walimu wa taasisi nyingine mjini wanalalamika kwamba tunatoa diploma za hewa. Kwa hiyo mwisho wa mwaka litaketi juri la kuwatahini wanafunzi, na mapadri wa procure, ofisi ya manunuzi ya jimbo, watatuazima kompyuta yao siku hiyo. Kila mwanafunzi ataendesha programu yake juu ya mashine ya kweli. Ikigoma, hakuna diploma, na chumba chetu kitakuwa bohari. Niliwatazama wanafunzi. Maman wa Shabunda alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mimi sikuogopa hata kidogo. Kilichobaki, nilidhani, ni kuifundisha kompyuta lugha yetu. Mapadri waliniruhusu kukaa na kompyuta yao kila asubuhi, saa ambazo grupu lao, yaani jenereta ya umeme, liliwaka. Kiangazi kizima nilikaa pale nikiandika, kwa ile lugha ya Kiingereza ya ujana wangu, programu ndefu ya kusoma maneno yetu na kuyatekeleza. Grupu lilikuwa na tabia ya kuzimika bila kuaga, na kila lilipozimika nilipoteza nilichokuwa sijahifadhi kwenye disketi, nikasema maneno ambayo katika nyumba ya mapadri hayasemwi. Lakini siku ilifika nilipoandika JAMBO na mashine ikakubali. Nilishangilia peke yangu, nikamkumbatia mpishi wa mapadri.

Kesho yake nilileta programu za wanafunzi, zile zilizopigiwa makofi. Niliingiza ya kwanza. Kompyuta ikakaa kimya. Niliingiza ya pili, ikatoa jumla ya ajabu. Ya tatu kimya, ya nne upuuzi. Nilitafuta kosa ndani ya programu yangu mpaka macho yakauma. Kisha nikazisoma upya zile karatasi zao, polepole, kwa macho ya mjinga, kama nilivyowahubiria wao. Ndipo nikaona. Hakuna hata moja iliyokuwa sahihi. Hazijawahi kuwa sahihi.

Chukua ile ya kikombe kikubwa. Mwanafunzi ameandika: KAMA A inapita B, SEMA A. Basi, ameishia hapo. Na kama A haiipiti B? Hakuandika kitu. Kompyuta ilifanya inavyopaswa, ikanyamaza. Lakini darasani nilikuwa nimeona kwa macho yangu mashine yetu ikitazama vikombe, ikaona B ndiyo kubwa, ikasema "B" kwa sauti nzuri, na watu wakapiga makofi. Nyingine ilisahau kumwaga kikombe kabla ya kuanza kuhesabu, na mashine yetu ilikuwa imekimwaga yenyewe, taratibu, kama mtu anayepangusa meza ya mgeni. Mwaka mzima walikuwa wanasitiriana mbele ya pua yangu.

Nilipanda Kadutu nikiwa nimefura. Niliingia darasani bila salamu, nikauliza nani alikuwa mashine siku ya kikombe kikubwa. Padri akanyoosha mkono.

"Programu haikukuambia useme B. Kwa nini ulisema B?"

"Nilimuona mwenzangu amesahau," alisema Padri. "Nikamusaidia."

"Wewe ni mashine. Mashine haisaidii."

"Angepata haya mbele ya watu, Papa Assistant."

Niligeuka kwa Maman wa Shabunda, ambaye kwa kumbukumbu yangu alikuwa mashine nzuri kuliko wote. Naye? Naye pia, akasema, kila mara, na alishangaa kwamba sikujua. Mmoja nyuma akatamka ile methali ya kidole kimoja kisichovunja chawa. Nikamwambia hapa hatuvunji chawa. Nilipiga meza, vijiwe vikaruka. Niliwaambia wamejiua wenyewe kwa huruma yao, wamedanganya mwaka mzima, na kwamba juri halitakuwa na huruma.

Maman wa Shabunda alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama.

"Papa Assistant, wewe unapitaka barabara ya Sange?"

Nikamwambia nimepita.

"Ku bariere, askari akiuliza mutu 'unatoka wapi', na ule mutu anaogopa, anakosa jibu, mwenye iko pembeni yake anafanya nini?"

Kila mtu Bukavu alijua jibu. Mwenye yuko pembeni anajibu kwa niaba yake. Anasema huyu ni shemeji yangu, tunatoka kwenye kilio, ni bubu tangu utotoni, chochote. Hamjuani, na mkivuka hamtazamani tena. Ndivyo wengi wetu tulivyokuwa bado tuko hai.

"Sasa unatuomba tukae kimya mwenzetu akikosa neno," alisema. "Tunajaribu. Mudomo unajifungua wenyewe."

Nilikaa chini. Niliona uchungu na hasira pamoja, na sikujua kipi kilikuwa kikubwa. Walikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa kuwa kompyuta haijali nani ana haki.

Nilijaribu kuwafunza ukatili. Nilimfunga Padri kitambaa machoni ili asione vikombe, na bado alikisia kwa sauti ya msomaji kwamba kuna kitu kimesahaulika. Niliwapeleka procure wawiliwawili wakaione kompyuta ya kweli, na walirudi wameichukia. Inakataa tu, walisema, inakaa kimya kama tajiri. Ni Padri aliyesema neno lililonikaa kooni.

"Hata askari wa bariere, mbele ya kukataa, anauliza kwanza."

Nililala na neno hilo, nikaamka nalo. Asubuhi nilikwenda procure, nikaanza kuibomoa kazi yangu ya kiangazi. Kama sikuweza kuwabadilisha watu wangu, ningebadilisha lugha. Nilipanga kwamba mashine ikifika mahali pa KAMA, ikakuta sharti halikutimia na mwandishi hakusema kitu, isinyamaze wala isipite. Isimame na iandike juu ya kioo: NA KAMA HAPANA? Kisha ingoje mtu ajaze amri inayokosekana. Ikikuta kikombe kina vijiwe vya zamani, iulize: NIMWAGE? Haikusaidia, haikukisia, iliuliza tu. Nilijua fika kwamba lugha za wakubwa hazifanyi hivyo, na kwamba mwenye elimu atanicheka. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojali kicheko.

Siku ya juri tulivaa vizuri. Grupu lilinguruma uani, na walimu watatu wa taasisi nyingine waliketi kando ya kompyuta. Mkubwa wao, mtu wa miwani mizito, alisoma maneno JAMBO na AKSANTI kwa sauti, akanitazama juu ya miwani. Wengine walipita, mmoja baada ya mwingine. Mashine iliuliza, wao wakajibu, na yule wa miwani akatoa sauti ya "mh" kila mara. Ikafika zamu ya Maman wa Shabunda.

Alikuwa ameandika programu ya kupakia dawa ndani ya ndege. Mashine inapewa uzito wa kila katoni, inaziongeza katika kikombe kiitwacho NDEGE, KAMA nafasi bado iko. Yule wa miwani alimpa katoni ndogo, zikaingia. Kisha kwa makusudi akampa kubwa, isiyoweza kuingia. Juu ya kioo yakatokea maneno: NA KAMA HAPANA?

Alikuwa amesahau. Baada ya yote niliyowapigia kelele, alikuwa amesahau. Alikitazama kioo. Mimi nilijua jibu. Darasa zima lilijua. Nilisikia benchi zikilia nyuma yangu, watu wakiinama mbele, na Padri midomo yake ilikuwa inacheza. Niligeuka nikawakodolea macho, na mdomo wangu mwenyewe niliuziba kwa mkono, kwa sababu ulikuwa unajifungua. Nilifikiria mtoto mmoja kwa bibi yake, anayengoja kidole cha mama kiguse kibodi.

Maman wa Shabunda alitafuta herufi kwa kidole kimoja. Aliandika: TIA NDANI YA INGINE.

Mashine ikaunda kikombe kipya, ikatia katoni ndani yake, ikaendelea, ikamaliza. Yule wa miwani akauliza, hiyo "ingine" ni nini?

"Ndege ingine," alisema. "Ya leo ikijaa, katoni inangoja ya kesho. Haitupwe."

Mwalimu yule alisema kwamba lugha ambayo mashine yake inasimama kumhoji mtu si lugha, ni mazungumzo. Nilimjibu kwa ukali zaidi kuliko ilivyofaa. Nilimwambia katika nchi ambayo umeme unazimika, ndege haitui na barabara imefungwa, swali la "na kama hapana" ndilo programu yote, na lugha isiyoliuliza ni ya watu wengine. Akaandika kitu. Waliwapitisha wote, kwa alama za chini kabisa walizoweza kutoa. Mwaka uliofuata chumba chetu kilifanywa bohari hata hivyo, na disketi yenye lugha ilishika ukungu ndani ya kabati langu. Hayo nayasema sasa ili niyamalize. Siku ile hatukuyajua, na tuliimba.

Hospitali ilitimiza neno. Maman wa Shabunda aliingia stoo ya dawa, na ujumbe ukatumwa kwa redio kwamba mtoto aletwe uwanjani ndege ikitua. Aliniomba nimsindikize Kavumu, kwenye uwanja wa ndege, maana nilikuwa na cheti chenye mihuri mingi ambayo askari waliipenda. Ndege ya kwanza ilirudi na wagonjwa, hakukuwa na nafasi. Ya pili haikutua, kulikuwa na milio ya risasi Shabunda. Mimi nilitukana ndege, rubani, mvua na serikali zote mbili, ya Kinshasa na ya walioushika mji wetu. Yeye alisema, "Iko ingine," akapanda gari.

Ndege ingine ilimleta mtoto. Alishuka katikati ya makasha matupu, mwembamba, amevaa sweta ya mtu mzima, na mama yake hakulia wala hakukimbia. Alimshika mkono tu, akaanza kumfunga vifungo vya sweta kimoja kimoja. Mtoto hakusema neno. Katika gari la hospitali tulikuwa sisi watatu, dereva, na muuguzi mmoja mwanamke aliyeomba lifti.

Nusu ya njia ya kurudi mjini palikuwa na bariere. Siku zile mtu aliyetoka Shabunda alihesabiwa kuwa wa waasi wa msituni, hata akiwa mtoto. Askari alichungulia ndani, akatazama cheti changu, akatazama sweta.

"We mutoto, unatoka wapi?"

"Ni mutoto wangu," alianza Maman wa Shabunda.

"Sikukuuliza wewe. Naulizaka mutoto."

Mtoto alikuwa amekodoa macho. Gari likanyamaza, ule unyamavu wa kompyuta ya mapadri.

"Anatoka nyumbani kwangu, Kadutu," nilisema mimi. "Ni mtoto wa dada yangu. Alikuja kuona ndege."

"Na juu ya nini haseme?"

"Ana homa," alisema muuguzi. "Tunamurudisha hospitali."

"Alitapika ndani ya motokari asubuhi," alisema dereva. "Angalia, nilisafisha."

"Ni bubu," alisema Maman wa Shabunda, wakati huohuo.

Askari alitutazama sisi sote, mmoja baada ya mwingine. Kisha akainua kamba.

Bariere ilipopotea nyuma ya kona, nililipuka. Niliwaambia sijawahi kusikia upuuzi kama ule. Mtoto mmoja ana mama katika gari na bado ni wa dada yangu, ametoka nyumbani na pia anarudishwa hospitali, alikuja kuona ndege akiwa na homa, na juu ya yote ni bubu. Askari angeuliza swali moja zaidi tungekuwa tumekwisha. Ilikuwa programu mbovu kuliko zote nilizowahi kuziona, kila mtu na mstari wake. Dereva alicheka mpaka akakosa gia.

Maman wa Shabunda alikuwa amemlaza mtoto mapajani, akimpapasa kichwa kilichonyolewa.

"Na ile mustari ya kwanza, ya mutoto wa dada, Papa Assistant," alisema. "Nani aliiandika?"